Siku Thelathini za Bi. Atuganile

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa mahakamani ili nitajwe.

Nilifika saa mbili asubuhi, nimevaa gauni la kulalia na kanga kiunoni, na hakuna aliyeshangaa. Kwenye kiti cha karani alikuwa amekaa muhuri. Alikuwa muhuri wa mpira mwenye mpini wa mbao, mrefu kama mtu mzima, amevaa miwani.

"Jina," akasema.

"Tusajigwe Mwambene."

Akainama juu ya daftari, akajigonga kwa kichwa, akainuka. Wino ulikuwa ukimchuruzika mashavuni.

"Tusajigwe Mwambene," akasema. "Umetajwa. Kaa pale."

"Ndiyo basi?"

"Shauri lako leo limekuja kwa kutajwa. Umetajwa."

Nikakaa kwenye benchi. Nilipokuwa wakili nilikuwa nikiwaambia watu maneno hayohayo, watu waliotoka Chunya na Kyela kabla ya jua kuchomoza: leo kesi inatajwa tu, rudini nyumbani. Sikuwahi kujua kwamba kutajwa kunauma. Kunauma chini ya mbavu, upande wa kushoto.

Nieleze kidogo mambo ya kweli, ya nikiwa macho, ndipo nirudi kwenye ndoto.

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa wakili hapa Mbeya. Miaka sita iliyopita niliacha, nikawa mwandishi wa riwaya za upelelezi. Riwaya yangu ya kwanza, *Uji wa Saa Nne*, ilipendwa kuliko nilivyothubutu kutumaini. Imechapwa mara tano. Imesomwa redioni. Watu wamewahi kunisimamisha sokoni, viazi mikononi, kuniuliza kama Inspekta Lwitiko ataoa. Waandishi wa habari wakitaka kujua kwa nini niliiacha sheria, huwaambia kwamba hadithi zilijaa kichwani hata vifungu vikakosa pa kukaa. Wanacheka, wanaandika.

Hadithi ile sikuibuni yote. Mteja wangu wa mwisho alikuwa Bi. Atuganile, mpishi wa shule moja ya sekondari huko milimani. Asubuhi moja mkuu wa shule, Mwalimu Kasebele, alikunywa uji wa saa nne, akaanguka ofisini kwake, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Kwenye kikombe chake ilikutwa dawa ya kuulia wadudu. Kwenye sufuria haikukutwa. Wiki hiyohiyo alikuwa amemgombeza mpishi mbele ya wanafunzi, akatishia kumfukuza. Jaji aliona kwamba mpishi alikusudia kumwumiza tumbo tu, wala si kumwua. Akampa miaka ishirini.

Alipokuwa akishuka kizimbani, Bi. Atuganile aliniuliza, "Tutakata rufaa, wakili?"

Nikamwambia tutakata. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayepokea kitu.

Basi. Kwenye ndoto, muhuri akaniita ndani.

Ninaingia. Kwenye kiti cha jaji limekaa joho langu la uwakili. Hakuna mtu ndani yake. Mikono yake imekunjwa juu ya meza, na kola nyeupe imesimama wima pasipo shingo. Ninalitambua kwa mshono wa kwapani, ambao niliushona mwenyewe kwa uzi wa bluu siku nilipokosa mweusi.

"Wakili msomi," linasema joho.

"Mheshimiwa, mimi si wakili tena."

"Najua. Nilining'inia nyuma ya mlango wako miezi mitatu nikikungoja. Kisha ukanifanya kifuniko cha cherehani."

"Naomba radhi, Mheshimiwa."

"Kuacha kazi si kosa. Hata mimi nimepumzika. Mahakama inataka kujua jambo moja tu. Ulipotoka, ulimwacha nani ndani?"

Natazama dari. Dari imeandikwa jina langu mara nyingi, kama majalada ya vitabu yaliyopangwa dirishani mwa duka.

"Mahakama imeona una kesi ya kujibu," linasema joho. "Iletwe, aijibu."

Kesi inaletwa. Ni jalada la rangi ya kaki, nene, limefungwa kamba, linatembea lenyewe kwa shida kama mtu mwenye miguu iliyovimba. Linasimama mbele yangu na kupumua.

"Hujambo?" linasema.

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Habari za miaka sita?"

Ninafungua mdomo. Nina jibu zuri sana, lile ninalowapa waandishi wa habari. Halitoki.

"Ameshindwa kujibu, Mheshimiwa," anasema muhuri, anajigonga mezani.

Joho likaagiza shahidi aitwe. Akaingia Inspekta Lwitiko, yule niliyemwumba mwenyewe. Alikuwa kama nilivyomwandika: mrefu, koti la kijivu, kovu juu ya nyusi. Ila koti lilimpwaya, na mashavu yalikuwa yamemwingia ndani.

"Mama," akaniambia kabla hajaapishwa, "nina njaa."

"Inspekta, tuko mahakamani."

"Riwaya tatu. Umenipandisha milima, umeninyeshea mvua, umenipiga risasi begani. Hujaniandikia hata chapati moja."

"Ulikuwa na haraka kila mara."

"Haraka ilikuwa yako."

Joho likagonga meza kwa mkono mtupu. "Shahidi, nani alimwua mkuu wa shule?"

"Mfamasia, Mheshimiwa. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne."

"Ulijuaje?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Akaninyooshea kidole. Kilikuwa kidole chembamba. "Na huyu."

"Huo ni ushahidi wa kuambiwa, mahakama haiupokei. Wewe mwenyewe uliona nini?"

Huko nje nilisikia mtu akifagia.

"Mimi mwenyewe sijawahi kuona kitu, Mheshimiwa," akasema. "Huwa nafungua mlango, nakuta jibu limekaa linanisubiri."

Joho likashusha pumzi, likanywea, likajaa tena. "Basi mzigo wa kuthibitisha atabeba mwandishi."

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti yangu ya uwakili ikarudi yenyewe, "kisheria mzigo huo hubebwa na upande wa mashtaka."

"Walibeba wakachoka. Wakautua pale walipochokea, wakasema wamefika."

Muhuri akaenda stoo, akarudi na furushi lililofungwa kwa shuka la bluu. Akanikunjia ngata, akaiweka utosini mwangu. Yeye na Inspekta wakanitwisha mzigo ule. Ulikuwa mzito kama gunia la viazi vibichi, na ulikuwa na joto.

"Niupeleke wapi?"

"Kwa mwenyewe," likasema joho.

Mahakama ile haina ghorofa, naijua vizuri. Lakini upande wa kulia kulikuwa na ngazi, nikazipanda. Inspekta alinifuata nyuma akihesabu vidato kwa sauti, kama kurasa. Alipofika mia mbili na kumi na nne alisimama, akatazama kushoto na kulia akimtafuta mfamasia, hakumwona, akaendelea kupanda.

Ngazi zikaishia kwenye mlango wa mabati. Nikausukuma kwa bega. Tulikuwa jikoni, katika shule ile ya milimani. Kuni za mkaratusi zilikuwa zinawaka, moshi ulipita juu ya ukuta, na sufuria kubwa ya uji ilikuwa mekoni. Bi. Atuganile alisimama anakoroga kwa mwiko mrefu. Alivaa sare ya wafungwa, na juu yake aproni ya shule.

"Karibuni," akasema. "Vueni viatu, nimetoka kudeki."

Tukavua. Mimi sikuwa na viatu, nikajifuta nyayo kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Rufaa yetu imefika wapi?"

Aliuliza kama mtu anayemuuliza mgeni kama amekutana na mvua njiani. Mzigo ulinikandamiza shingo.

"Iko njiani, mama."

"Njia ndefu hiyo." Akakoroga. "Kila gari likiingia getini nawaambia wenzangu, huyo ni wakili wangu. Sasa wamezoea. Siku nikichelewa kusema, wanasema wao."

Akamwona Inspekta, akamtazama mashavu, wala hakumwuliza jina. Alichota uji kwenye bakuli, akampa. Inspekta akakaa chini kwenye saruji, akanywa. Alikunywa kama watu wanavyokimbia katika riwaya zangu. Alipofika katikati ya bakuli alianza kulia polepole, bila sauti, akiendelea kunywa.

"Nimesikia pia kwamba umeniua," akasema Bi. Atuganile.

Ni kweli. Katika *Uji wa Saa Nne* mpishi nilimpa jina jingine, lakini ni yeye.

"Sura ya tisa, mama."

"Kwa nini?"

Nilitafuta neno la heshima, sikulipata. "Hadithi ilikuwa inapoa."

Akakubali kwa kichwa, kama mpishi anayejua chakula kupoa.

"Niliumia?"

"Hapana. Niliandika kwamba ulikuwa usingizini."

"Ahsante," akasema.

Nilitamani anitukane. Aliweka mwiko pembeni, akaja, akaushika mzigo kwa upande mmoja. "Tua mwanangu, shingo imekupinda. Umebeba nini?"

"Kuthibitisha."

"Hebu tukuone huko kuthibitisha."

Tukautua juu ya meza ya kukatia mboga, tukaufungua. Ndani ya shuka lilikuwemo lile jalada lililonisalimia mahakamani. Sijui liliwahi vipi kuingia humo. Lilikuwa linabishana lenyewe kwa lenyewe.

"Sogea," ilisema sauti moja kutoka katikati.

"Nisogee wapi? Tumegandana."

"Miaka yote hii pua yako iko mgongoni kwangu."

Bi. Atuganile akalifungua palipokuwa na sauti. Palikuwa na karatasi moja nene. Akaishika kwa ncha, akaipeleka juu ya mvuke wa uji, akaigeuzageuza taratibu, kama anavyofanya mtu anayetaka kufungua bahasha isichanike. Karatasi ikalegea, ikatoa mlio mdogo, zikawa mbili.

Ile ya nyuma ikajinyoosha. Ilikuwa na sauti ya mtu aliyekaa sana bila kusema.

"Mimi ni ukurasa wa pili wa maelezo ya mlinzi wa shule," ikasema. "Polisi waliniandika, halafu hawakumwita mlinzi kutoa ushahidi. Nakala ikatumwa kwa wakili wa mshtakiwa. Wakili akasoma ukurasa wa kwanza."

"Niliusoma," nikasema. "Mlinzi anasema alifungua geti saa kumi na mbili, akawasha moto wake, akaota. Hakukuwa na kitu."

"Huyo ni dada yangu. Hakuwa na kitu. Mimi ndiye mwenye habari, na hukunigeuza."

"Nilidhani maelezo yameishia hapo."

"Yaliishia katikati ya sentensi," ukasema ukurasa. "Wewe ni mwandishi. Umewahi kuona sentensi ikiishia katikati ukaridhika?"

Kesi zilikuwa nyingi mwaka ule, na usiku nilikuwa nikiandika riwaya. Hilo si jibu.

"Nisome," ukasema. "Kwa sauti. Kuna mtu anasikiliza."

Nikasoma, nikianzia na maneno ya mwisho ya ukurasa wa kwanza.

"'Na ilipofika saa moja na nusu nilimwona mkuu wa shule kwenye bustani ya kabichi. Alikuwa anapima dawa ya wadudu kwa kile kikombe chake cheupe cha bati, anamimina kwenye bomba la kupulizia. Nikamwambia, mkuu, hicho si cha uji? Akasema atakiosha. Alikisuuza mara moja kwenye maji ya ndoo, akaondoka nacho kwenda ofisini.'"

Uji ulitokota. Povu moja likapanda, likapasuka.

"Muuaji ni nani?" akauliza Inspekta kutoka chini.

"Hakuna," nikasema.

"Mfamasia je?"

"Hakuna mfamasia. Nilimtunga."

"Mtu hafi bila muuaji." Alisema kwa upole, kama anayenikumbusha kitu nilichomfundisha mwenyewe. "Hizo ndizo kanuni, mama. Kuna maiti, kuna muuaji, kuna mimi."

"Alikosea tu, Inspekta. Alikuwa na haraka."

Akatazama ndani ya bakuli lake. "Basi mimi nilikuja kufanya nini?"

"Kunywa uji, baba," akasema Bi. Atuganile, akamwongeza.

Kisha akaurudisha mwiko sufuriani, lakini hakukoroga. Alisimama ameushika.

"Masikini Mwalimu," akasema. "Kikombe chake hakupenda mtu amwoshee. Nilikuwa namjazia pale mlangoni, anageuka anakwenda. Siku ile alionja akaniambia uji una ladha. Nikamwambia labda ni moshi." Akasukuma ukuni kwa mguu. "Miaka sita najiuliza ule moshi ulikuwa moshi gani."

Ndipo nikaelewa kwamba hata yeye hakuwa na hakika. Alikuwa gerezani akijishuku mwenyewe.

Akafuta mikono kwenye aproni, akachukua kisu cha jikoni kutoka dirishani, akanikabidhi kwa kunielekezea mpini.

"Sasa kaikate rufaa, mwanangu."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilitegemea kuona bustani ya kabichi, lakini palikuwa na uwanja wa vumbi na ukuta mrefu uliopakwa chokaa. Kwenye ukuta palikuwa na geti la chuma, na juu ya geti pameandikwa MUDA. Mimi nilikuwa upande wa nje. Ndani, rufaa ilikuwa imeota. Ninaweza kuieleza: ni mmea mrefu wenye majani mapana kama mgomba, na majani yake yalionekana juu ya ukuta yakicheza na upepo. Mtu akiwa ndani ya muda anaikata kwa mkono mmoja. Mtu akiwa nje ya muda anaitazama.

Geti likafunguka kidogo, wakaanza kutoka wanawake.

Walikuwa thelathini. Walitoka mmoja mmoja kwa mstari, kila mmoja na kikapu kitupu, wakapita mbele yangu bila kunisalimia. Wa kwanza alikuwa msichana. Wa pili alimzidi kidogo. Kila aliyefuata alikuwa mzee zaidi ya aliyemtangulia. Nilipomwona wa tano nikawajua ni nani. Hizo zilikuwa siku thelathini ambazo sheria ilinipa za kupeleka notisi ya rufaa ya Bi. Atuganile.

Notisi ni karatasi moja. Ya kwake nilikuwa nimekwisha kuiandika. Siku ya tano mchapishaji alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, akasema mswada wangu umempendeza, niende tuusahihishe. Siku ya saba nilipanda basi. Siku ya nane hadi ya thelathini na tatu nilikaa kwenye chumba chenye feni, nikisahihisha, nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuijua tangu nizaliwe. Notisi ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imekunjwa mara mbili. Nilirudi Mbeya siku ya thelathini na nne. Sikumwambia Bi. Atuganile. Sikumwambia mtu yeyote. Mwezi uliofuata nilifunga ofisi, na watu wakasema nina ujasiri.

Wa thelathini alikuwa bibi kabisa, anatembea kwa kuegemea ukuta. Yeye alisimama.

"Mimi ndiye wa mwisho," akasema. "Nilikaa masijala mpaka karani akafunga dirisha. Ulikuwa wapi?"

"Dar es Salaam, bibi. Nilikuwa nasahihisha sura ya tatu."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

"Haya." Akaweka kikapu chini, akakaa juu ya jiwe. "Unataka nini?"

"Nataka kuongezewa muda."

"Unaongezwa. Lakini ni lazima utoe sababu za kuchelewa. Liambie geti, mimi nipo nasikiliza."

Nikaligeukia geti.

"Niliugua," nikasema. "Homa ilinishika siku ya sita, ikanilaza katika nyumba ya wageni ambayo kuta zake zilikuwa za kijani, na kila jioni mwenye nyumba aliniletea maji ya limau."

"Kuta za kijani," akasema bibi. "Nzuri hiyo."

Geti halikutikisika.

"Mvua ilisomba daraja," nikasema. "Tulilala kwenye basi siku mbili, na abiria mmoja alijifungua."

"Namsikia mtoto," akasema bibi. "Analia."

Geti likabaki vilevile. Nikatoa sababu ya tatu, yenye karani mlevi na bahasha mbili zilizofanana, na mwishoni mwake kulikuwa na jambo ambalo hata mimi sikulitegemea. Bibi alipiga makofi mara tatu. Juu ya ukuta, jani moja la rufaa lilikuwa limeanza kunyauka ukingoni.

"Wewe ni mwandishi hodari," akasema. "Sasa sema kitu kibaya."

"Kibaya vipi?"

"Kisicho na ufundi."

Nikaangalia kisu mkononi mwangu. Nikaangalia nyuma: mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Bi. Atuganile amesimama pale na mwiko, ananisubiri niseme. Nikavuta pumzi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka, ukungu umeshuka mpaka dirishani. Sikunawa uso. Nilikwenda stoo, nikaondoa maboksi ya vitabu vyangu, nikavuta sanduku la bati ambalo sijalifungua tangu nifunge ofisi. Jalada la Bi. Atuganile lilikuwa chini kabisa. Nikatafuta maelezo ya mlinzi. Ilikuwa karatasi moja. Niliisoma hadi chini, na sentensi ya mwisho iliishia kwenye maneno "na ilipofika saa moja na nusu nilimwona".

Nikaipitishia kidole ukingoni. Ilikuwa nene.

Nilibandika maji jikoni, nikasubiri yachemke, nikaishika karatasi juu ya mvuke. Nikaunguza kidole gumba. Ikalegea taratibu, zikawa mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa na mwandiko uleule wa polisi, wino umefifia kidogo. Bustani ya kabichi ilikuwepo. Kikombe cheupe kilikuwepo. Kitu kimoja tu niliota vibaya: maji aliyokisuuzia hayakuwa ya ndoo, yalikuwa ya karai.

Saa moja nilimpigia simu Bupe, wakili niliyemfundisha kazi alipotoka chuoni, ambaye sasa ana ofisi yake.

"Shikamoo, dada Tusa. Kuna usalama? Mapema hivi?"

"Marahaba. Sikiliza." Nikamsomea ukurasa wote.

Nilisikia akivuta kiti.

"Dada, hii inatosha kuombea muda wa nyongeza," akasema. "Maombi nitayapeleka mimi. Lakini hati ya kiapo uape wewe mwenyewe. Na utatakiwa kueleza miaka sita yote. Ile hati ni ya wazi, mtu yeyote ataisoma. Magazeti pia."

"Najua."

"Jina lako, dada. Na uwakili, wanaweza hata kukushtaki kwenye kamati ya nidhamu. Labda tuangalie namna ya kuiandika, namna ambayo..."

"Bupe," nikasema, "usinipe namna. Yule mama ana miaka sitini na mitatu."

"Sawa, dada. Niletee leo."

Nikakaa mezani, meza ninayoandikia riwaya. Nikachukua karatasi tupu, nikaandika kichwa kama tulivyofundishwa: Mimi, Tusajigwe Mwambene, mtu mzima, Mkristo na mkazi wa Mbeya, naapa na kueleza kama ifuatavyo.

Kisha zikaja sentensi nyingi, zote nzuri, nikaziacha zipite. Chai ilipoa. Mwishowe nikaandika aya ya kwanza:

1. Kwamba nilikuwa na siku thelathini, na sikuugua hata moja.